Maboksi Yaliyoota Majani

Jumatatu, 3 Machi

Kazi imepatikana! Kazi ya maana, si kama ile ya juzi ya kuandika bei kwenye ubao wa kinyozi. Shangazi alipeleka sabuni zake kwenye lile duka kubwa la njia panda, na mama anayesimamia manunuzi pale (humu nitamwita Mama Manunuzi) amezinusa, amezipenda, ila vile vimfuko vya plastiki hataki hata kuviona. Anataka kifungashio kisichobakiza kitu kwenye pipa la taka. Akiridhika, Shangazi anapata rafu nzima dukani. Ametakiwa arudi Ijumaa ya wiki ijayo.

Shangazi alikuwa anataka kumpa kazi hiyo Bwana Jani. Nikakohoa mpaka akageuka. Bwana Jani nilisoma naye ubunifu darasa moja. Jina hilo nimempa mimi, maana kila anachochora lazima kiwe na jani. Benki, jani. Duka la matairi, jani. Leo ana ofisi yenye mlango wa kioo, na mimi nina meza nyuma ya pazia kwenye sebule ya Shangazi. Nikamwambia Shangazi si vizuri kumtafuta mtu wa nje wakati mwanawe yupo humu humu ndani anakula chakula chake. Akasema hilo la chakula ndilo analolifikiria.

Mwishowe alikubali. Alinishika mkono, akaniambia taratibu kwamba goti lake halipandi tena ngazi za maofisi na beseni la sabuni kichwani. Akasema rafu ya duka lile ndiyo miguu aliyobaki nayo. Yeye ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki, na sijawahi kumsikia akiomba kitu. Nikamwambia aniachie mimi. Kisha nikashindwa kukaa, nikaenda kuzunguka nyumba mpaka nikatulia kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Sikutulia. Meza nimeihamishia dirishani, mwanga ukanikera. Nikairudisha nyuma ya pazia, nikakosa hewa. Nikaipeleka mlangoni, Shangazi akashindwa kutoka. Penseli zote nimezitafuna vichwa.

Mchana, nimesimama jikoni nakula kiporo, wazo likaja. Boksi la karatasi chakavu lililochanganywa na mbegu za mchicha! Mteja ananawa, boksi analifukia, anamwagilia maji, anachuma mboga. Pipa la taka linalala njaa. Bwana Jani anachora majani, mimi ninayaotesha kabisa.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashona kwenye sebule hiyo hiyo, upande wa pili wa pazia. Aliuliza mtu anayekaa ghorofani atalifukia boksi wapi. Nikamjibu kwamba maswali madogo madogo ndiyo yanayoua kazi kubwa. Akaendelea kushona.

Karatasi natengeneza mwenyewe. Unaloweka karatasi chakavu, unasaga, ule uji unauchuja kwenye wavu, unaanika. Nimeona kwenye simu, mtu anafanya huku anatabasamu. Wavu nimeubandua dirisha la chumbani kwetu. Blenda ni ya mke wangu, nitamwomba baadaye.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo. Nyumba hii haina karatasi chakavu. Shangazi hatupi kitu. Gazeti linafungia misumari, bahasha inaandikiwa simu za watu, boksi la viatu linahifadhi boksi dogo la viatu. Huwezi kutunza mazingira na watu wasiotupa kitu.

Nikamkumbuka Bwana Jani. Mbunifu mwenye ofisi hutupa karatasi kila siku. Nikaenda nyuma ya jengo lake, na kweli, pipa limejaa mpaka linamwagika. Nilikuwa nimeinama, kichwa na mabega vimo ndani, nikasikia mtu anaguna. Katibu wake. Nikamwambia nimedondosha pete yangu ya ndoa nilipokuwa napita. Maskini, ana huruma. Alivua viatu, akapandisha mikono ya blauzi, akaanza kunisaidia kutafuta. Tulichambua takataka zote ile pete ikiwa kidoleni mwangu, mkono nimeuficha mfukoni. Aliniuliza mkono huo una nini. Nikasema ganzi.

Nimerudi na gunia zima. Yeye ameahidi kuendelea kuitafuta kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Karatasi za Bwana Jani si karatasi. Zimepakwa plastiki! Zilizungukazunguka ndani ya blenda kama nguo kwenye mashine, hazikusagika, mwishowe moshi ukatoka na blenda ikanyamaza. Mtu anahubiri mazingira huku anachapisha kwenye plastiki. Nimesikitika sana. Zaidi nimesikitikia blenda.

Niliokota zile chache zilizolainika, nikazitwanga kwenye kinu. Uji ukatoka wa kijivu. Hautoshi hata boksi la kiberiti. Nilizunguka sebuleni mara nyingi, nikainua hiki, nikafunua kile. Nyuma ya cherehani nikakuta furushi la karatasi za khaki, zimekatwakatwa ovyo, zina matundu ya pini na mistari ya chaki. Taka mbele ya macho yangu siku zote! Zilitwangika vizuri kama maharage yaliyoiva. Nimechuja, nimenyunyiza mbegu, nimeanika uani.

Jumamosi, 8 Machi

Zile hazikuwa taka. Zilikuwa vipimo vya magauni ya harusi, bibi harusi na wasimamizi wake wote, mke wangu alivyopima na kukata kwa mkono wake. Aliponiuliza, nilikuwa nimeshika mchi.

Hakugombeza. Ingekuwa afadhali angegombeza. Tangu jana haongei na mimi, anaongea na Shangazi ili mimi nisikie. Anamwambia Shangazi kwamba mtu fulani akitaka chai ajiwekee mwenyewe. Anamwambia pia kwamba mtu fulani atawapigia simu wasimamizi wa bibi harusi mmoja mmoja, waje kupimwa upya, na aeleze kwa nini. Nimepiga. Mmoja alicheka, mwingine aliniombea. Bibi harusi mwenyewe alitaka nimpe simu fundi, nikamwambia fundi ametoka. Fundi alikuwa ameketi hatua mbili kutoka nilipo, ana mkasi mkononi.

Karatasi bado hazitoshi. Leo nimekwenda dukani nikanunua bunda la karatasi mpya kabisa, nyeupe. Nikazikunjakunja, nikazikanyaga, nikazilaza juani mpaka zikachakaa. Sasa ni chakavu kama chakavu nyingine yoyote. Shangazi alisimama mlangoni akanitazama nikizikanyaga, akauliza kama kuna mtu amenikosea.

Jumatatu, 10 Machi

Karatasi zimekauka, na ni nzuri! Zina rangi ya mchanga, na mbegu nyeusi zinaonekana kama pilipili manga. Kasoro moja tu: kila upande kuna kipande cha jani la kijani, kimetoka kwenye zile takataka za Bwana Jani. Nilijaribu kuvibandua kwa kibano, karatasi ikatoboka. Nimeviacha. Mtu akiuliza nitasema ni maumbile.

Kisha balaa. Ukizikunja ziwe boksi, zinapasuka pa! kwenye mkunjo. Nimepasua rundo kabla sijagundua dawa. Dawa ni maji! Karatasi yenye unyevunyevu inakunjika kama kitambaa. Kwa hiyo nimekunja zote zikiwa mbichi, sabuni nimezitia ndani, na maboksi nimeyapanga kwenye trei chini ya kitanda, nimeyafunika magunia yaliyoloweshwa. Nitayanyunyizia asubuhi na jioni mpaka Ijumaa ili yasikakamae. Hakuna kitabu cha ubunifu kilichofundisha hivi. Nimegundua mwenyewe, nimesimama hapa hapa.

Nimeyachungulia tena na tena. Sijui kwa nini sitoki karibu nayo.

Jumatano, 12 Machi

Bwana Jani amekuja nyumbani. Eti anapita tu. Shati la kijani. Aliketi kwenye kiti changu, akasifu chai ya Shangazi, akamwambia sabuni zake zinastahili kufungwa na mtu mwenye uzoefu. Akatoa boksi la mfano, jeupe, lina jani. Shangazi aligeuzageuza lile boksi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Yeye pia Ijumaa atakuwa kwa Mama Manunuzi, ana mteja anayetengeneza mishumaa. Akiondoka aliniuliza kwa upole kama ile pete ilipatikana. Mke wangu akainua kichwa kutoka kwenye cherehani kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa iliyopita.

Shangazi aliniuliza kama maboksi yapo tayari, maana bado ana muda wa kumkimbilia yule kijana. Nikasema yapo tayari na yanazidi kuwa tayari. Akataka kuyaona. Nikasema bado yamelala. Nimeongeza maji kidogo, kwa usalama.

Chumbani kunanuka shamba.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu amevunja ukimya. Alitoka chumbani amekunja mikono, akamwambia Shangazi, si mimi, kwamba kitanda kimeota.

Tukaenda wote. Nikavuta trei. Maboksi yote yameota. Vijiti vyeupe, vichwa vya kijani, vimepinda kufuata mwanga wa mlango, vyote vinanitazama. Mizizi imetoboa karatasi ikaishia kwenye sabuni. Boksi moja nililishika pembeni, kona ikabaki mkononi.

Shangazi aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Aliuliza kwa sauti ndogo kama vile vimfuko vya plastiki vya zamani bado vipo kabatini. Nilitaka kulia, kweli kabisa. Lakini nikiwa na wasiwasi mdomo huwa unakimbia peke yake, nikajisikia nikisema kwamba hivi ndivyo nilivyopanga. Nikasema Mama Manunuzi haoneshwi ahadi ya mboga, anaoneshwa mboga yenyewe. Shangazi alinitazama usoni akitafuta kitu. Sijui kama alikipata. Akasema haya, mwanangu, twende nayo, sasa hivi hakuna lingine.

Ijumaa, 14 Machi

Acha niandike upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Tulikodi gari. Njiani miche ilipendeza, hata dereva alisifu, akauliza tunauza fungu bei gani. Kwenye chumba cha kusubiri pale dukani kuna kiyoyozi kikali. Miche ikaanza kulala. Bwana Jani alikuwa ameketi mbele yetu na boksi la mshumaa mapajani, akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya sabuni au bustani. Nikamwambia vyote. Pembeni kulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa na vikombe. Nikachota, nikamwagilia. Shangazi akaniambia nikae. Nikakaa. Nikainuka nikamwagilia tena. Akaniambia tena nikae. Mikono ilikuwa inawasha, nifanyeje?

Mama Manunuzi ana haraka, akatuita wote pamoja. Alianza na Bwana Jani. Akafungua ganda la nje, ndani boksi, ndani ya boksi vipande vya karatasi laini, ndani yake mfuko wa kitambaa, ndani ya mfuko kadi yenye jani inayoeleza jinsi ya kuipenda dunia. Kila alichokitoa alikitia kwenye pipa lililo miguuni pake. Pipa likajaa. Mshumaa wenyewe ulikuwa kama kidole. Akamshukuru, akauweka kando.

Zamu yangu. Nilisimama, nikaanza hotuba. Nilikuwa bado kwenye mbegu aliponyanyua boksi moja. Sehemu ya juu ikaenda naye, sehemu ya chini ikabaki kwenye trei kama uji. Sabuni ikaanguka mezani, ikateleza, ikapita juu ya karatasi zake, ikadondoka na kuingia chini ya kiti. Akanyanyua la pili. Vivyo hivyo. Tope la karatasi na mchicha likatambaa mezani kuelekea simu yake. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Shangazi akapiga magoti. Kwa goti lile. Alishuka polepole ameshika mguu wa meza, akaivuta sabuni kutoka chini ya kiti, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akaiweka mezani. Kisha akaanza kuzitoa na nyingine kwenye tope, moja moja, anafuta, anapanga. Hakunitazama. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha maji. Alipomaliza alimpa Mama Manunuzi pole kwa kumchafulia meza, akasema anaziondoa, asijali.

Mama Manunuzi alikuwa ameshaichukua moja. Akainusa, akaigeuza, akamwuliza Shangazi nyumbani huzitunza vipi. Shangazi akasema zinakaa wazi kwenye chanja mpaka zinunuliwe, na vimfuko huvaa siku ya kutoka tu. Mama Manunuzi akauliza ni nani basi aliyesema lazima zivae. Bwana Jani akanitazama. Mimi nikatazama kalenda.

Amezichukua! Zikiwa uchi, kama zilivyo. Bei itaandikwa kwenye ubao wa rafu. Sharti lake moja, na alilirudia akinyoosha kidole: sabuni isiguswe na karatasi, uzi, wala stika. Siku atakapokuta hata kipande kimebandikwa, mzigo wote unarudi nyumbani na rafu anapewa mwingine. Shangazi alikubali kabla hajamaliza kusema.

Kwenye ngazi za kutokea Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema miaka yote ile amenunua mifuko bure. Alinipiga mgongoni kwa mkono wake unaonuka sabuni. Sijui kama nilistahili.

Jumatatu, 17 Machi

Sabuni zimeingia dukani. Shangazi alizipanga kwa mkono wake, safu juu ya safu, amevaa viatu vyake vya sherehe. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kadhaa, akasimama tu, mikono kiunoni. Beseni amelitia maji ya kuku.

Mke wangu ameanza kuongea na mimi, ingawa bado mambo ya lazima tu. Blenda nimempelekea fundi.

Nimefikiri sana siku hizi. Ni nani aliyebuni rafu ile? Tuwe wakweli. Kama maboksi yangu yangekuwa imara, yule mama asingeiona sabuni. Kwa hiyo kule kusambaratika ndiko kulikofanya kazi. Nimebuni kifungashio kinachojiondoa chenyewe mbele ya mnunuzi! Nilimweleza mke wangu. Akakanyaga cherehani kwa kasi mpaka sikusikika.

Jumanne, 18 Machi

Nimeshinda dukani. Siwezi kukaa nyumbani. Watu wanafika, wananusa, wananunua, wanaondoka. Hakuna hata mmoja anayesimama kusema huu ni ubunifu gani. Mama mmoja alidhani panya wamekula karatasi. Mzee mmoja aliuliza kama ni jibini. Uchungu ulinishika, nikaanza kuwaeleza wateja mmoja mmoja kwamba ule utupu umefanyiwa kazi, haukutokea tu. Mlinzi alikuja akaniuliza kwa adabu kama kuna kitu ninanunua. Nikanunua sabuni ya Shangazi. Nikatoka, nikazunguka, nikaingia kwa mlango mwingine.

Nikamkuta Bwana Jani kwenye rafu yetu, amekunja mikono. Alinipongeza! Kisha akasema wazo la kuacha bidhaa wazi amekuwa nalo siku nyingi, na wiki ijayo atalizungumzia mbele ya wabunifu wenzake. Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimepitiliza mlango wetu, nikarudi, nikapitiliza tena.

Jumatano, 19 Machi

Nimetulia hatimaye. Dawa nimeipata, na ni ndogo mno, nashangaa sikuiona mapema.

Watu hawaelewi wanachokiona kwa sababu hakuna aliyewaambia. Basi waambiwe, kwa maneno machache, pale pale kwenye sabuni, na jina la mbunifu lionekane kabla Bwana Jani hajafungua mdomo. Nimetoka kiwandani kwa mchapaji sasa hivi. Stika za mviringo, zinang'aa, zimepakwa plastiki ili zisiharibiwe na mikono yenye maji. Gundi yake ni ya nguvu, mchapaji amesema haibanduki hata kwa kisu. Zipo za kutosha sabuni zote zilizoko dukani na zile zilizoko kwenye chanja.

Mlinzi wa asubuhi tumeshazoeana, amekubali kunifungulia kesho mapema kabla Mama Manunuzi hajafika. Mpaka duka lifunguliwe nitakuwa nimemaliza rafu nzima. Shangazi sijamwambia, nataka akute tu. Hivi sasa yuko jikoni anakoroga sabuni mpya huku anaimba, siku nyingi sijamsikia akiimba. Maandishi nimechagua makubwa, yasomeke hata na mtu anayepita mbali: SABUNI HII HAIJABANDIKWA KITU CHOCHOTE.